Hamamu: kutoka Hamamni ya Unguja hadi Eastlands

Mtu wa Pwani akitajiwa "bafu la Kituruki" hudhani ni mambo ya ugenini. Kumbe neno tunalo: hamamu, lililotoka Kiarabu, na Unguja kuna mtaa uitwao Hamamni. Jengo lililoupa mtaa huo jina lilijengwa kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, na fundi wake alikuwa Mwajemi, Haji Gulam Hussein. Halikuwa bafu la jumba la mfalme, bali la watu wa mji. Leo mahodhi yake ni makavu, na wanaoingia huingia kutazama tu.

Utaratibu wa hamamu haubadiliki sana, iwe hapo Unguja au Istanbul, ambako hamamu ya Çemberlitaş ipo tangu 1584. Chumba cha kwanza ni cha kuvua nguo na kupumzika. Cha pili ni cha vuguvugu, mwili uzoee. Cha tatu ndicho cha moto: hewa ya tanuri hupita chini ya sakafu, na joto hujaa chini ya kuba. Mtu hukaa atokwe na jasho, kisha mhudumu humsugua, humpaka povu la sabuni na kummwagia maji. Tanuri moja huwatosha watu wengi, kwa hiyo hata asiye na kuni wala maji ya kutosha nyumbani huoga vizuri.

Huku Eastlands ninakoishi, nimeionja Eastleigh, ambako zipo saluni za kina mama zenye "bafu la Kimoroko", nduguye lile la Kituruki. Hakuna kuba, ni chumba kidogo cha vigae na mashine ya mvuke. Nilijifunga leso, nikakaa kama robo saa, nikapakwa sabuni nyeusi ya zeituni, kisha dada mmoja akanisugua kwa glavu ya kukwaruza. Nongo zilitoka hata nikaona haya, nami ni mtu wa kuoga mara mbili kwa siku. Ni kazi ile ile ya dodoki na singo ya bibi harusi wetu, ila mvuke umeongezwa.

Unayekwenda mara ya kwanza, usiende umeshiba sana. Kunywa maji kabla na baada. Usinyoe siku hiyo, ngozi itawasha. Mwenye mimba, presha au maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza. Ukihisi kizunguzungu, toka mara moja.

Lakini hamamu haiwezekani bila maji. Barghash alivuta maji kutoka chemchemi nje ya mji yakaingia Mji Mkongwe. Mitaa ya zamani ya Eastlands, kama Shauri Moyo na Ziwani, ilijengwa na serikali ya mji enzi za ukoloni ikiwa na mabafu ya pamoja. Hadi leo sehemu nyingi za huku maji ni ya mgao, na mama hupanga foleni na madumu ya lita 20. Wanaojiweza watapata mvuke wao Eastleigh. Mpangaji wa chumba kimoja anahitaji bomba lenye maji na bafu lenye mlango unaofungika, na hilo ndilo la kuwadai viongozi wetu kwanza.