Herufi 81: Kipimo cha Kifua Kikuu na Usugu Kisichouona

Mjadala wetu kuhusu kifua kikuu sugu umezoea kumweka mgonjwa kizimbani. Alikatisha dozi, aliona nafuu akaacha vidonge, alihama bila kuaga kliniki. Ndipo vimelea vikawa sugu. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila hayatoshi. Elimu ya jeni inaonyesha kwamba usugu hustawi pia kutokana na namna tunavyoutafuta, na ushahidi mzito wa hoja hii unatoka Eswatini.

Bakteria wa aina nyingi hupeana jeni za usugu. Mycobacterium tuberculosis haifanyi hivyo. Jenomu yake, iliyosomwa kwa ukamilifu mwaka 1998, ina herufi za DNA zipatazo milioni 4.4, na usugu huzaliwa humo humo, kimelea kinapogawanyika na kukosea kunakili herufi. Makosa yenye faida kwa kimelea ni adimu sana, na yale yanayoshinda rifampisini ni adimu kuliko yanayoshinda isoniazidi kwa takriban mara mia. Lakini pafu lililotoboka laweza kuhifadhi vimelea mamia ya milioni. Atumiaye dawa moja, basi, huua vilivyo dhaifu na kuviachia uwanja vichache vilivyo sugu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa streptomisini katika miaka ya 1940. Kwa sababu hiyo dawa huchanganywa, na rifampisini ndiyo nguzo ya mchanganyiko huo. Majaribio ya mapema ya miaka ya 1970 yaliyothibitisha kwamba tiba ya miezi sita inaweza kutosha yalifanyika hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na Zambia.

Rifampisini huua kwa kujipachika kwenye kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA. Sehemu ya kimeng'enya hicho hutengenezwa na jeni iitwayo rpoB, na mwaka 1993 ilibainika kwamba mabadiliko mengi mno yaletayo usugu, kiasi cha asilimia 95, hujikusanya katika kipande chake kimoja chenye herufi 81. Ugunduzi huo ndio uliozaa kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010. Zamani makohozi yalioteshwa kwa wiki nyingi, na wagonjwa wengi hawakupimwa usugu kabisa. Sasa jibu hupatikana kwa saa zisizozidi mbili. Sina nia ya kudharau hatua hiyo, kwa kuwa watu wengi wako hai kwa sababu yake.

Swali ni kuhusu ile asilimia tano. Katika hesabu ya dunia nzima inaonekana ndogo, lakini vimelea haviishi katika wastani wa dunia. Vimelea vilivyokusanywa na utafiti wa kitaifa wa Eswatini wa mwaka 2009 vilipochambuliwa, ilionekana kwamba asilimia 30 ya vile vyenye usugu kwa dawa nyingi vilikuwa na badiliko katika nafasi ya 491 ya protini ya rpoB, ambapo mahali pa asidi amino ya isolusini pamechukuliwa na fenilalanini. Herufi 81 zinazochunguzwa na kipimo huishia nafasi ya 452. Kwa mgonjwa wa namna hii mashine husema kwa uhakika wote kwamba rifampisini itafanya kazi. Hata kuotesha katika chupa za kimiminika kulikuwa kukimpitisha, kwa sababu usugu huu ni wa kiwango cha chini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lililazimika kupunguza kiwango cha rifampisini kinachotumika kupimia kutoka miligramu 1 kwa lita hadi 0.5.

Hebu tufuate mkondo wa mambo baada ya jibu hilo. Mwenye badiliko la kawaida, kama lile la nafasi ya 450, hutambuliwa, hubadilishiwa dawa, na huacha kuambukiza. Mwenye badiliko la 491 hupewa dozi ya kawaida ambayo nguzo zake mbili, rifampisini na isoniazidi, hazimsaidii, na huendelea kukohoa nyumbani mwake. Kipimo hakikuuzaa ukoo huu wa vimelea, maana ulikuwapo kabla yake. Lakini kiliwaondoa washindani wake. Katika sampuli za Eswatini za miaka ya baadaye, sehemu ya ukoo huo miongoni mwa vimelea sugu ilipanda hadi kupita nusu, na umeonekana pia Afrika Kusini. Naona ni vigumu kueleza ongezeko hilo bila kukihesabu kipimo chenyewe kuwa nguvu mojawapo ya uteuzi asilia.

Kuna jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya vimelea vya ukoo huo ina badiliko jingine, katika jeni ya Rv0678. Jeni hii huizuia pampu inayotoa dawa nje ya kimelea. Ikiharibika, pampu hufanya kazi bila breki na bedakwilini, tegemeo letu jipya dhidi ya kifua kikuu sugu, hutolewa nje. Uchambuzi wa nasaba unaonyesha kwamba badiliko hilo lilitokea kabla bedakwilini haijaanza kutumika nchini humo. Hakuna mgonjwa aliyekatisha dozi ya dawa ambayo hakuwahi kupewa. Isitoshe, jeni hii yaweza kuharibika mahali popote katika urefu wake, hivyo hakuna kipande kifupi cha kuwekewa mtego kama zile herufi 81.

Kwa hiyo napinga sera inayohesabu kazi ya maabara kuwa imekwisha mashine inapotoa jibu. Mgonjwa ambaye makohozi yake bado yana vimelea mwishoni mwa mwezi wa pili, ingawa mashine ilisema hana usugu, anastahili sampuli yake ioteshwe na jeni zake zisomwe kwa mapana. Usomaji wa namna hiyo ulipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, na Kampala ina maabara ya rejea ya kimataifa ya kifua kikuu tangu mwaka 2013. Kinachotakiwa sasa ni bajeti ya kudumu ya kusafirisha makohozi kutoka zahanati hadi huko na kurudisha majibu kabla mgonjwa hajawaambukiza wa nyumbani kwake.