Lugha ya Watu Wawili

Wimbo wa taifa wa Kenya ulitoka kwetu. Watu wa Mto Tana hawatakuacha usahau hili. Panda gari la Malindi kwenda Garsen, utaje huo wimbo tu, na kuna mzee atageuka kitini akupe somo hadi mshuke. Mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kuitafutia nchi mpya wimbo. Mahadhi waliyoyachagua yalikuwa ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, na aliyewapa ni Mzee Meza Galana. Ndiyo maana kila Jumatatu na Ijumaa, bendera ikipandishwa shuleni, watoto wa Turkana na wa Kwale wanasimama wima wakiimba, bila kujua, kitu ambacho nyanya yangu aliwaimbia watoto wake saba akiwa amewafunga mgongoni.

Mmoja wa hao saba ni shangazi yangu. Naye aliimbiwa kama wenzake, mpaka alipofika miaka minne. Hapo ndipo homa ilipomwangusha. Shingo ilikakamaa, macho yakawa hayataki mwanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80, na kutoka kijijini kwetu hadi kwa daktari ilikuwa mtumbwi kwanza, halafu kungoja lori. Leo tungesema ni homa ya uti wa mgongo. Wakati ule walisema tu kwamba mtoto amepona, Mungu ni mkubwa. Siku chache baadaye nyanya alimwita aje ale na mtoto hakugeuka. Akaita tena. Akapiga sufuria kwa mwiko. Kuku wote walikimbia, mtoto akaendelea kuchora mchangani.

Hapo ndipo ilipoanza lugha ninayotaka kuwaambia habari zake. Wazungumzaji wake walikuwa wawili duniani.

Hawakuwa na mtu wa kuwafundisha, kwa hivyo waliitunga wenyewe, ishara moja baada ya nyingine, kwa miaka karibu arobaini. Mamba ni viganja viwili vinavyofunguka na kufunga. Baba yangu ni mikono inayoshika usukani, kwa sababu yeye ndiye aliyepanda basi akaenda Nairobi akapotelea huko. Mimi ni kidole juu ya nyusi, mahali nilipo na kovu. Na nyanya mwenyewe ni kiganja kinachopigapiga bega polepole huku mwili ukiyumba kidogo. Mafuriko yalikuwa na ishara yake na maji ya kawaida yake. Walikuwa wanaweza kusengenya watu sokoni Garsen, sisi tumesimama hapo kama magogo.

Sisi wengine tulijua ishara chache tu: njoo, kula, lala, toka, beba. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba zote tulizozijua zilikuwa za kuamrisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kumuuliza shangazi anafikiria nini.

Kiswahili nacho hakikutusaidia. Kwetu kusikia ndiyo kutii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Mtoto mtundu anaambiwa “husikii wewe!” Halafu anakuja mtoto ambaye kweli hasikii, na tayari methali zimeshamhukumu. Lakini hicho hicho Kiswahili kinakwambia unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia usingizi, unasikia harufu ya samaki. Kwa hesabu hiyo shangazi anasikia karibu kila kitu. Ni sauti tu ndizo zilizomtoroka.

Sasa, kwa nini hakupelekwa shule? Hili swali lilinisumbua nilipokuwa chuoni nikisoma isimu, kabla karo kunishinda mwaka wa pili nikarudi mtaani. Darasani tulipanga lugha za Kenya kwenye jedwali: za Kibantu, za Kinailoti, za Kikushi. Ile inayosemwa kwa mikono haikuwa na safu. Nilianza kuisoma mwenyewe baada ya kuacha, usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Kumbe historia ya elimu ya viziwi Kenya ilianza kwa watu wa kujitolea, serikali ikaja baadaye. Chama cha Kenya cha watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958. Shule za kwanza, Nyang'oma kule Bondo na ile ya Mumias, zilifunguliwa 1961 chini ya Kanisa Katoliki. Kambui, Kiambu, ikafuata 1963, mwaka ule ule wa wimbo wetu. Angalia ramani. Zote ziko upande mwingine wa nchi. Pwani ilipata shule zake baadaye, Mombasa na Kilifi, lakini hata Kilifi, kutoka Garsen, ni lazima upite Malindi ndiyo uendelee. Mtu wa mtumbwi na lori angefikaje? Na kabla ya kufika, nani angemwambia kwamba shule kama hiyo ipo? Nyanya aliniambia alisikia habari za shule ya viziwi mara ya kwanza shangazi akiwa tayari na miaka ishirini na kitu. Alisema, “Na ningejua mapema, ningempa nani mtoto asiyeweza kuniita akiumwa?”

Simlaumu. Hata angempeleka, angekuta mambo yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka kwa mdomo na ishara ziondolewe darasani. Uamuzi huo ulisafiri na walimu na wamishonari hadi ukafika kwetu. Kwa hivyo shule za mwanzo za Kenya zilimkalisha mtoto mbele ya kioo, akaambiwa aangalie midomo na aige sauti ambayo hajawahi kuisikia. Ishara zilionekana kama uvivu. Darasani mikono ilinyamazishwa.

Bwenini je? Mwalimu akizima taa na kuondoka, mikono inaanza. Watoto waliotoka Bondo, Kakamega, Kiambu na Kitui, kila mmoja na ishara zake za nyumbani, wakachanganya, wakakopeshana, wakacheka, na baada ya miaka wakawa na lugha. Nicaragua ilitokea hivyo hivyo mwishoni mwa miaka ya 70: serikali ilikusanya watoto viziwi shuleni, na lugha mpya ikazaliwa kati yao. Wataalamu wengi walikuja baadaye kuandika tu kile ambacho watoto walikuwa wameshakifanya.

Kuna mtu mmoja katika hadithi hii ambaye ningependa kila kijana Mwafrika amjue. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11, yeye na ndugu yake, kwa homa ya uti wa mgongo. Ndiyo, ile ile ya shangazi. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Mwaka 1957 akafungua shule Accra, na baada ya hapo hakutulia. Alizunguka bara hili akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, akifundisha kwa mikono wakati wengi bado wanasisitiza midomo. Alikufa 1987, ndege ndogo aliyopanda Rwanda ilipoanguka. Soma hayo maisha halafu fikiria mtoto wa Alabama na mtoto wa Mto Tana, ugonjwa mmoja. Mmoja alikutana na watu wenye lugha, mwingine alikutana na mama yake peke yake.

Kenya ilianza kulegeza kamba miaka ya 80. Ishara zikaruhusiwa darasani, viziwi wenyewe wakaunda chama chao cha kitaifa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuitafiti Lugha ya Ishara ya Kenya kama lugha kamili. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ikavitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani kwenye habari. Yule mtu unayemwona kwenye kisanduku cha kona ya TV, ambaye wengi wetu tunamfanyia memu, yupo pale kwa sheria. Halafu ukaja mwaka 2010. Julai, huko Vancouver, mkutano ule ule wa walimu wa viziwi ulikataa rasmi maazimio ya Milan na kueleza majuto, miaka 130 baadaye. Agosti, Kenya ikapata katiba mpya, na Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Nchi ngapi zimefika hapo? Ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia.

Ila Garsen ilikuwa na mambo mengine. Agosti 2012, miaka miwili kamili baada ya katiba, mapigano ya wakulima na wafugaji yalilipuka kwenye delta. Riketa peke yake watu zaidi ya 50 waliuawa siku moja, wanawake na watoto wengi wao. Mwaka ulipogeuka, waliokufa walikuwa wamepita mia, Wapokomo na Waorma. Wiki zile kijiji kilikuwa kinalala kwa masikio. Mbwa akibweka sana, watu wanatoka. Mtu akipiga yowe, watu wanakimbilia vichakani. Shangazi hakuwa na yowe. Kwa hivyo kila usiku nyanya alichukua leso, akafunga ncha moja kwenye mkono wake na ncha nyingine kwenye mkono wa binti yake, wakalala hivyo. Walilala hivyo miezi. Hakuna mtu aliyekuja na kisanduku cha kona kuwaeleza kinachoendelea. Leso ndiyo ilikuwa habari.

Nyanya alifariki 2019. Mwaka huo huo sensa ilihesabu zaidi ya watu 150,000 nchini wenye shida ya kusikia. Kwenye ile hesabu shangazi ni mtu mmoja, kama wengine. Nyumbani tulikuwa tumeshuhudia kitu kingine: lugha nzima kubakiwa na mzungumzaji mmoja kwa siku moja. Matanga yalipoisha, shangazi alizunguka nyumba akituonyesha ishara, moja baada ya nyingine, akisubiri. Tulikuwa tunatikisa vichwa tukitabasamu, kama wajinga. Siku ya tatu aliacha.

Kisha kukaja shida ya shamba. Shangazi alihitajika kwenye ofisi moja, sitaitaja, aeleze kama anakubali jina lake liandikwe. Tuliambiwa turudi, tukarudi. Tukaambiwa ana haki ya mkalimani, kweli katiba inasema, turudi tena. Mara ya tatu mkalimani alikuwepo, kijana msafi, mikono yake ikienda kama maji. Shangazi alimwangalia jinsi mimi ninavyoangalia filamu ya Kikorea isiyo na maandishi chini. Kwa adabu, lakini hakuna kilichoingia.

Yule kijana alisimama, akaniambia kwa sauti ya chini, “Kaka, huyu hana lugha.”

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia ana lugha, tena alikuwa anaiongea vizuri kuliko wewe unavyoongea yako, ni vile tu mwenzake tumemzika chini ya mwembe. Kijana hakunijibu vibaya. Alikaa chini tena, akaweka kando ishara zake zote, akaanza kuchora shamba kwa kidole mezani. Mto hapa. Mwembe hapa. Shangazi akasogeza kiti. Saa nzima ilipita. Mwishowe akatia kidole gumba kwenye wino, na nilimwona akielewa anachokifanya.

Sikuwa na haki ya kumkasirikia. Shangazi alikuwa na miaka arobaini na kitu katika nyumba iliyojaa watu, na katika hao wote mtu mmoja tu ndiye aliyejifunza kuongea naye. Milan haikutukataza sisi. Hakuna mkoloni aliyetufunga mikono. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa, kwa chanjo, kwa kutibu masikio yanayotoa usaha, kwa uzazi salama. Hiyo ni kazi ya serikali na hospitali, tuwasumbue. Lakini baada ya mtoto kuacha kusikia, kinachofuata ni kazi ya jikoni kwenu.

Siku hizi Garsen kuna kikundi kidogo cha viziwi wanaokutana Jumamosi. Aliyewaunganisha ni fundi wa simu aliyesomea bweni kule Kilifi. Hawana ofisi wala bango. Binamu yangu humpeleka shangazi kwa boda. Sitawadanganya kwamba ameongea lugha yote; lugha inataka uianze ukiwa mdogo, na yeye ameanza akiwa na mvi. Ana ishara labda arobaini. Anajua kuuliza bei, kutaja siku, na kumwambia fundi kwamba mimi napenda kulala.

Mimi nazo najifunza, kwa video, polepole. Nilipokwenda Desemba nilikaa nao pembeni. Mwanamke mmoja alikuwa anaeleza kuhusu mama yake mgonjwa, na alipofika kwenye “mama” hakutumia ishara ninayoijua kutoka kwenye video. Alipigapiga bega lake polepole, akayumba kidogo. Nikamuuliza fundi, kwa kuandika kwenye simu, hiyo wameitoa wapi.

Akaandika: “Ya shangazi yako. Mama aliyezeeka. Sisi wote tunaitumia.”

Nilihesabu waliokuwepo. Walikuwa kumi na mmoja.