Hesabu ya tajiri, nauli ya denti

Mabasi ya kampuni ya DMT yalianza kubeba watu Dar es Salaam mwaka 1949. Mji ulikuwa bado mdogo, na mtu wa Ilala aliweza kwenda kazini Posta kwa miguu na kurudi jioni bila kuona ajabu. Serikali iliitaifisha DMT mwaka 1970, na miaka minne baadaye ikaigawa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, UDA ikapewa jiji.

UDA ilianza wakati mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mwaka uliotangulia, fedha za kigeni zikaadimika, kisha vita vya Kagera vikakausha hata kile kilichobaki. Basi likifa gia, lilikaa karakana likingoja spea ambayo haikuwa na uhakika wa kuja. Nauli ilipangwa na serikali, nayo haikutosha kulitengeneza. Wakati huohuo watu walikuwa wakimiminika mjini kutoka mikoani na vituo vikafurika. Wenye magari wakaanza kubeba abiria kwa kujificha, wakikimbizana na polisi, hadi mwaka 1983 serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi. Huo ndio mwanzo wa daladala kutambuliwa rasmi.

Lawama za fujo za daladala humwendea dereva na konda, lakini nadhani kisa chenyewe kiko kwenye hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, humkabidhi dereva gari asubuhi na kumtajia fedha anayoitaka jioni; hiyo ndiyo hesabu. Mafuta ni juu ya dereva, na faini ya trafiki pia. Kinachozidi ndicho riziki yake na ya konda wake. Kwa mpango huo, dakika moja ya foleni ni fedha inayotoka mfukoni mwao, na ndiyo maana gari hupanda pembeni kwenye njia ya waenda kwa miguu, hukatisha ruti, na hushusha abiria huku magurudumu yanazunguka.

Aliyeumia zaidi ni mwanafunzi. Nauli ya mtu mzima ilipokuwa shilingi 400, denti alilipa 200 na kukalia nafasi ileile. Konda husimama mlangoni, mkono umezuia njia, anahesabu sare za shule: “Wawili tu, wengine subirini!” Gari linaondoka na kundi linabaki kituoni. Linalofuata nalo hufanya hivyohivyo. Mwishowe watoto huanza kutembea kando ya barabara kubwa isiyo na njia ya miguu, giza likianza kuingia.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa mwaka 2007, ujenzi ukaanza 2012, na mwezi Mei 2016 mabasi yakaanza kukimbia Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni. Awamu hiyo ya kwanza ina kilomita 20.9 pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Watu wakayaita mwendokasi. Tiketi hukatwa kabla ya kupanda, dereva hana hesabu ya kumpelekea tajiri, na sakafu ya basi iko sawa na ya kituo. Pembeni ya barabara zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli.

Hata hivyo, karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji anajua maji hupita. Mafuriko yakaikuta na mabasi yakaharibika. Yaliyobaki hayakutosha, na msukumano wa mlangoni ukarudi, safari hii kwenye kituo chenye geti.

Tena watoto wengi hawapandi chochote, huenda shule kwa miguu. Hapo shirika la usalama barabarani la Amend lilianza na mambo madogo: kuangalia wanafunzi wanavukia wapi, kujua wamegongwa wapi, kisha kuweka matuta, kivuko chenye alama, nguzo za kuzuia magari yasipande njia ya miguu. Kwenye shule nyingine suluhisho lilikuwa kuhamisha geti kutoka barabara kuu kwenda uchochoro wa nyuma. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Miji ya WRI Ross Center. Fundi mwashi na mchora alama wanatosha kuimaliza, bila kusubiri awamu nyingine ya mwendokasi.