Kutoka Mkononi hadi Kwenye Stendi: Historia ya Vishikizo vya Maikrofoni na Udhibiti wa Mtetemo katika Studio za Sauti za Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna maikrofoni ilivyoshikwa, kusimamishwa na kuning'inizwa mjini Kampala, tangu rekodi za Jumba la Makumbusho la Uganda zilizoanza mwaka 1949 hadi studio za nyumbani za leo. Hoja kuu ni kwamba kila mara kazi ya sauti ilipohamia mahali papya, mtetemo nao ulipata njia mpya ya kuifikia maikrofoni, lakini ujuzi wa kuuzuia haukuhama kwa kasi ileile. Makala yanaeleza kanuni inayotawala uchaguzi wa kishikizo, yanaonyesha kwa nini kifaa kizuri huweza kushindwa kikiwekwa mahali pasipofaa, na yanapendekeza vigezo ambavyo wanunuzi wa kazi za sauti za Kiswahili nchini Uganda wanaweza kuviweka katika mikataba yao.

1. Utangulizi

Historia ya utangazaji Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuangalia maudhui, sera na umiliki. Vyombo vyenyewe vimetajwa kwa kupita, na kile kinachoishikilia maikrofoni hakijatajwa kabisa. Hata hivyo, sauti iliyorekodiwa hubeba alama za mahali iliporekodiwa: hatua za mtu ghorofani, mlango wa chuma uliofungwa kwa nguvu, lori lililopita barabarani, kidole kilichogusa meza. Kelele hizi haziji zote kwa njia ya hewa. Nyingine hupita sakafuni, mezani na kwenye stendi, kisha huingia katika maikrofoni kutoka chini. Ukuta uliofunikwa kwa mablanketi hauzizuii.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Uganda kwa sasa. Kiswahili, kilichotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi, pamoja na kukifundisha kwa lazima shuleni. Nchi ambayo wanafunzi wengi hawakisikii Kiswahili nyumbani itahitaji sauti nyingi zilizorekodiwa vizuri. Sehemu ya sauti hizo itatoka katika vyumba vya kulala na sebule za Kampala.

2. Mkono wa mtafiti na sakafu ya redio

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kati ya mwaka 1948 na 1957, alianza mwaka 1949 kurekodi muziki katika maeneo mbalimbali ya nchi. Hugh Tracey naye alifika na mitambo yake mwaka 1950 na 1952, na miongoni mwa aliowarekodi walikuwa wanamuziki wa Kabaka. Picha za Tracey akiwa kazini zinamwonyesha akiishika maikrofoni yeye mwenyewe, ikiwa imefungwa kwenye fimbo, akiielekeza kwa huyu na kwa yule. Katika mazingira hayo kishikizo kilikuwa mwili wa mtafiti. Misuli ya mkono ni laini, nayo humeza sehemu ya mtetemo wa ardhi. Lakini mkono huohuo huleta mikwaruzo yake.

Thamani ya rekodi hizo iliongezeka kwa msiba. Mwezi Mei 1966 majeshi ya serikali yalishambulia Lubiri, kasri la Kabaka lililoko Mengo. Ala za kifalme ziliharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Tangu hapo, anayetaka kusikia baadhi ya makundi ya ala za kasri yakipiga kama yalivyopiga hana budi kurudi kwenye kanda za miaka ya 1949 hadi 1952. Nakala za rekodi za Wachsmann zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye hifadhi iliyopewa jina lake. Mngurumo ulioingia katika kanda hizo hauwezi kurekebishwa kwa kurudia kazi, maana wapigaji hawapo.

Huduma ya utangazaji ya Uganda ilipoanza mwaka 1954, kazi ya sauti iliingia ndani ya jengo. Studio za redio za zama hizo zilirithi mazoea yaliyokwisha kukomaa Ulaya na Marekani. Tangu miaka ya 1920 maikrofoni za kaboni zilikuwa zikitundikwa kwa springi katikati ya pete ya chuma ili mtikisiko wa meza usizifikie. Maikrofoni za utepe zilizofuata katika miaka ya 1930 zilikuwa nyepesi kuathirika zaidi, kwa hiyo stendi nzito na mipira ya kuning'iniza vikawa vitu vya kawaida. Katika mfumo huo msomaji wa habari hakuhitaji kujua lolote kuhusu mtetemo. Fundi alijua kwa niaba yake, na jengo lilifanya kazi iliyobaki.

3. Kutoka kibandani hadi sebuleni

Mabadiliko makubwa hayakuanzia redioni, bali katika vibanda vya video. Huko ndiko ilikokomaa kazi ya VJ: mtu anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiluganda huku zikionyeshwa, akitafsiri, akifafanua na kutania. VJ Jingo na wenzake walilifanya jina hilo kuwa taaluma inayojulikana mjini. Sanaa iliyo karibu nayo ilisikika kwa Kiswahili pia: Lufufu jijini Dar es Salaam, aliyechunguzwa na Matthias Krings, na DJ Afro nchini Kenya.

Msimulizi wa kibandani alishika maikrofoni ya mkononi, na maikrofoni ya namna hiyo imeundwa kwa ajili ya mkono. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na kuigwa kote duniani, ina kizuizi cha mtetemo ndani ya mwili wake, kilichowekwa ili vidole vya mwimbaji visisikike. Tena kibandani, ambamo spika hunguruma na watazamaji hupiga kelele, mgongano mdogo haukuwa na maana.

Hali iligeuka pale masimulizi yalipoanza kurekodiwa kwenye kanda, kisha kwenye diski, na kuuzwa. Msimulizi alihamia chumbani. Wakati huohuo redio za binafsi, zikianza na Sanyu na Capital mwaka 1993 na CBS ya Buganda mwaka 1996, ziliongeza mahitaji ya matangazo ya biashara na sauti za vipindi. Kompyuta ilipofika majumbani, studio ikawa meza moja. Mfano unaojulikana zaidi nje ya nchi ni Wakaliga, ambako Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 katika makazi yake, na toleo lililoenea duniani likabeba sauti ya VJ Emmie juu ya sauti ya filamu yenyewe.

Mezani ndipo njia zote za mtetemo zilipokutana. Kompyuta yenye feni, kibodi, spika, viwiko vya msomaji na maikrofoni vilikaa juu ya ubao mmoja. Maikrofoni nayo ilibadilika: badala ya ile ya mkononi, wengi walinunua maikrofoni ya kondensa yenye kiwambo kikubwa, inayosikia mengi zaidi na isiyo na kinga ya ndani kama ile ya zamani. Kwa maneno mengine, usikivu uliongezeka mara tu ulinzi ulipopungua. Fundi wa redio hakuwepo kueleza tofauti hiyo.

4. Kanuni ya kishikizo

Kishikizo cha kuning'iniza ni uzito uliotundikwa kwenye kitu chenye kunepa. Kila mfumo wa namna hiyo una masafa yake ya asili, yaani kasi ambayo hupenda kuyumba ukisukumwa. Mtetemo unaokuja kwa masafa yaliyo juu ya takriban mara 1.4 ya masafa hayo hupunguzwa. Unaokuja karibu na masafa hayo huongezwa. Ulio chini yake hupita karibu kama ulivyo. Kwa hiyo kishikizo kigumu mno hakikosi faida tu, bali huweza kuongeza mngurumo.

Masafa ya asili yanaweza kukadiriwa kwa rula. Maikrofoni ikiwekwa kwenye kishikizo na mipira ikashuka milimita 1, masafa ni kama Hz 16. Ikishuka milimita 4, ni kama Hz 8. Ikishuka milimita 9, ni kama Hz 5. Hapo ndipo uzito unapohusika. Chukua kishikizo kilichotengenezwa kwa maikrofoni ya gramu 500 na kinachoshuka milimita 9. Kikipewa maikrofoni ya gramu 125 kitashuka milimita 2 na kidogo, na masafa yake yatapanda mara mbili hadi zaidi ya Hz 10. Mnunuzi aliyechagua kwa kuangalia umbo la pete na upana wa kibano amenunua kishikizo cha mtu mwingine.

Nyaya nazo ni daraja. Waya uliokazwa kutoka kwenye maikrofoni hadi sakafuni hupeleka mtetemo moja kwa moja na kuipita mipira yote. Kitanzi kilicholegea, kilichofungwa kwenye stendi chini ya kishikizo, hukata daraja hilo bila gharama.

5. Uchaguzi katika nyumba za Kampala

Nyumba za Kampala hazifanani, na kishikizo kimoja hakifai zote. Katika chumba cha chini chenye sakafu ya saruji iliyolala juu ya udongo, hatua za watu husafiri kwa shida, na adui mkubwa ni meza. Hapo stendi nzito ya sakafuni huweza kufanya kazi kuliko kishikizo cha bei kubwa kilichofungwa kwenye meza. Katika ghorofa, sakafu yenyewe hutetemeka kwa hatua za majirani, na magari ya barabara kuu huongeza mtetemo wa chini. Hapo kishikizo laini kinachoendana na uzito wa maikrofoni ni cha lazima, na zulia nene chini ya miguu ya stendi husaidia kiasi. Mkono wa kubana mezani, unaopendwa kwa kuokoa nafasi, ndio unaohitaji tahadhari kuliko vyote, kwa kuwa huanza safari yake pale kibodi ilipo.

Mipira nayo huchoka. Joto na jua la dirishani huifanya ilegee au ikatike, na kishikizo kilichofaa mwaka wa kwanza huanza kugonga pete yake. Vishikizo vya plastiki inayopinda, vya aina iliyoenezwa na kampuni ya Rycote ya Uingereza, hudumu zaidi lakini gharama yake ni kubwa. Mipira ya akiba ni rahisi na hubadilishwa kwa mkono.

Kishikizo hakizuii kinachokuja kwa hewa. Boda boda, jenereta ya jirani, mahubiri ya kipaza sauti na mvua juu ya mabati vitasikika vilevile. Kichujio cha sauti nzito nacho, kikiwekwa karibu na Hz 80, huondoa sehemu ya mngurumo, ila sauti ya kiume hushuka hadi karibu na masafa hayo. Kikipandishwa sana huikonda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtetemo uliozuiwa kwenye stendi hauhitaji kuchujwa baadaye.

6. Athari kwa sera

Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu mwezi Januari 2022. Katika kipindi hicho redio ilikuwa mojawapo ya njia za kuwafikishia watoto masomo. Funzo lake ni kwamba sauti iliyorekodiwa huweza kugeuka kuwa darasa lenyewe. Watafiti wa Makerere wamekuwa wakikusanya pia sauti za Kiluganda kwa ajili ya mashine zinazotambua usemi. Na mashine hujifunza mngurumo pamoja na maneno.

Wanunuzi wa kazi za sauti huandika katika mikataba muda, lugha na malipo. Masoko ya vitabu vya kusikiliza huongeza kipimo: ACX, kwa mfano, huitaka kelele ya chini ya rekodi isizidi desibeli −60. Kipimo hicho huwanasa wengi bila wao kujua sababu. Spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini ya Hz 100, hivyo msomaji husikiliza kazi yake na kuiona safi, ilhali mita huhesabu mngurumo asiousikia. Kazi hukataliwa, naye hulaumu maikrofoni na kukopa ili anunue nyingine.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, mikataba ya umma ya kurekodi vifaa vya kufundishia Kiswahili itaje kiwango cha kelele. Pili, kabla ya kazi kuanza, msomaji atume jaribio la sekunde 30 za ukimya, mtu mwingine akitembea chumbani na kugusa meza katika nusu ya pili. Tofauti ya nusu hizo mbili ndiyo kipimo cha kishikizo. Tatu, mafunzo ya utangazaji yafundishe uzito, mnepo na kitanzi cha waya kabla ya kufundisha majina ya maikrofoni.

7. Hitimisho

Katika miaka zaidi ya 70, maikrofoni ya Kampala imetoka kwenye fimbo ya mtafiti ikaingia katika jengo la redio, ikapita mkononi mwa msimulizi wa kibandani na kufika mezani pa nyumba ya kupanga. Gharama ya kuzuia mtetemo imehama kutoka kwa taasisi hadi kwa msomaji mmoja mmoja, bila ujuzi wake kumfuata. Kuurejesha ujuzi huo hakuhitaji mitambo mikubwa: kunahitaji rula, mipira inayoendana na uzito, na mnunuzi anayeuliza swali sahihi kabla ya kulipa.