Sahihi ya Mwajiri: Kudhaminiwa Kazini kutoka Kitale hadi Naitiri

Katika mashamba ya Trans-Nzoia, magharibi mwa Kenya, ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi wa Kizungu hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bidii pekee haikumtosha kijana Mwafrika aliyetaka kazi. Mlowezi aliyehitaji watu wa kupalilia au kuvuna mahindi alimwachia mnyapara, yaani msimamizi wa vibarua, jukumu la kuwatafuta, naye mnyapara aliwaleta aliowajua: ndugu, mashemeji, na wale aliotahiriwa nao msimu mmoja, ambao Wabukusu huwaita bakoki na ambao huhesabiana karibu sawa na ndugu wa damu. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 na mahindi kupata njia ya kwenda sokoni, mahitaji ya vibarua yaliongezeka, na neno la mnyapara likazidi kuwa na thamani.

Dhamana hiyo ya mdomo ilikwenda sambamba na dhamana ya karatasi. Kipande, hati ya utambulisho iliyotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa upana baada ya vita, kilimhusu kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi, naye alikibeba ndani ya kikasha cha bati, mara nyingi kikiwa kimening'inia shingoni. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake na alama za vidole, kisha jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na tarehe ya kuachishwa kazi pamoja na sahihi ya mwajiri. Sahihi hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma, kwani aliyeondoka bila kuipata alihesabiwa mtoro, na mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumchukua. Kipande kilikuwa barua ya sifa iliyogeuzwa pingu, na si ajabu kwamba kukipinga kulikuwa miongoni mwa madai makuu ya siasa za Waafrika hadi mfumo huo ulipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mpango wa Ekari Milioni, uliozinduliwa mwaka 1962 ili kuwapa Waafrika mashamba yaliyonunuliwa kutoka kwa walowezi, uligeuza sehemu za Tongaren katika Bungoma, Naitiri ikiwemo, kuwa makazi ya wakulima wadogo. Wazazi wakapata ardhi. Watoto waliosoma wakatafuta mishahara. Kitale kulikuwa na Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956, na katika miaka ya 1970 vikafuata viwanda viwili upande wa Bungoma: cha karatasi Webuye na cha sukari Nzoia. Aliyetaka nafasi huko alifika na barua ya mwalimu mkuu, ya mchungaji au ya chifu, lakini aliyekuwa na mjomba ndani ya lango aliitwa kwanza. Kiwanda cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, pamoja na ajira zilipotea pia njia nyingi za kujuana zilizokuwa zimejengwa humo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwanafunzi wa leo wa chuo cha Kitale au Bungoma hukutana na urithi huo anapotafuta atachimenti, yaani miezi michache ya kujifunza kazini ambayo vyuo vingi huihesabu kuwa sehemu ya masomo. Huenda na barua ya chuo, hati ya bima, na daftari ambalo msimamizi wake kazini hulitia sahihi juma baada ya juma. Daftari hili, tofauti na kipande, ni mali ya mwanafunzi na humfungulia njia badala ya kumfunga. Hata hivyo, mara nyingi kutafuta nafasi yenyewe huachiwa familia, na hapo mtoto wa mkulima wa Naitiri asiye na jamaa ofisini huanza nyuma ya mwenzake wa mjini, hata kama alama zao ni sawa. Udhaifu huu ni wa vyuo kuliko wa vijana. Vyuo vina majina ya wahitimu waliokwisha kuajiriwa katika mashirika ya mbegu, hospitali na ofisi za kaunti; viwaandikie hao, viwaombe nafasi, na viwagawie wanafunzi kwa utaratibu ulio wazi, kabla ya muhula wa atachimenti kuanza.