Asiyeko kwenye Orodha Hachezi: Historia ya Rosta na Drafti za Besiboli

Leo tuweke kando PHP na MySQL, tuzungumze historia kidogo.

Hapa Diff, Wajir Kusini, jirani kabisa na mpaka wa Somalia, sijawahi kumwona mtu ameshika gongo la besiboli. Hata hivyo kuna jioni nyingi ambapo nashughulikia timu ya besiboli kwenye laptopu yangu mpaka betri inaisha. Mchezo wenyewe unaitwa Out of the Park Baseball. Humo ndani hurushi mpira wala hupigi. Kazi yako ni moja tu, nayo ni orodha: nani abaki, nani auzwe, nani ashushwe ligi ndogo, na ni kijana gani umchukue siku ya drafti.

Kabla hatujaendelea, maneno mawili. Rosta ni orodha ya wachezaji wa timu. Katika ligi kuu ya Marekani (MLB) kila timu ina orodha ya watu 40 inaowamiliki, na kati yao 26 ndio wanaoruhusiwa kucheza (walikuwa 25 mpaka 2020). Drafti, nayo, si ule mchezo wetu wa vizibo vya soda. Ni siku ambayo timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Waliocheza shax chini ya mti wataelewa haraka: kabla ya kusogeza hata kete moja, kila mmoja anaweka zake 12, moja kwako, moja kwangu, mpaka nafasi zote 24 zijae. Mjanja hushinda hapo hapo kwenye kuweka. Drafti iko hivyo hivyo.

KADI, DADU NA KOMPYUTA

Mchezo huu ulianza zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1961 kijana wa New York aitwaye Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu. Kila mchezaji halisi alikuwa na kadi yake, na namba za kwenye kadi zilitoka kwenye takwimu zake za uwanjani. Unarusha dadu, unasoma kadi, unajua kama mpira umepigwa au la.

Wakati huo huo John Burgeson, mfanyakazi wa IBM, aliandika programu ya besiboli kwa kompyuta ya IBM 1620. Mashine ile kwa kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya tarakimu 20,000 tu! Mtu alichagua timu yake kutoka kwenye orodha ya wachezaji, kompyuta nayo ikajipangia ya kwake, kisha mechi ikachapishwa kwenye karatasi. Mwaka 1971 mwanafunzi Don Daglow akaandika mchezo wake wa besiboli kwenye PDP-10 ya Pomona College, California. Daglow huyo huyo alishiriki kutengeneza Earl Weaver Baseball mwaka 1987.

Katikati ya hapo, mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake wa New York walianza msimu wa kwanza wa ligi yao iliyopewa jina la mgahawa waliokuwa wakikutania. Wao walikaa mezani wakanunuana wachezaji halisi kwa mnada, halafu wakafuata takwimu magazetini. Hapo kuchagua wachezaji kukawa ndio mchezo wenyewe.

Kisha mwaka 1999 akaja Markus Heinsohn na Out of the Park. Huyu ni Mjerumani. Nchi yake ni ya kandanda kama yetu, lakini programu yake ndiyo iliyokuja kuheshimiwa sana na wapenzi wa besiboli huko Marekani kwenyewe. Sisi tunaoandika programu mbali na miji mikubwa tumkumbuke huyo.

SHERIA ZILITOKA WAPI?

Ukifungua mipangilio ya mchezo huu utakuta sheria nyingi ajabu za orodha. Hazikubuniwa na waandishi wa programu. Zilitoka kwenye mabishano ya kweli ya pesa na haki.

Mwaka 1879 wenye timu walikubaliana kwamba kila timu inaweza "kuhifadhi" wachezaji watano ambao timu nyingine hazitawagusa. Baadaye watano wakawa kikosi kizima. Mkataba wako ukiisha, bado wewe ni wa timu ile ile. Ukikataa, hakuna mwingine wa kukuajiri.

Mwaka 1954 timu ya Pittsburgh Pirates ilimchukua kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kwa dola 4,000 tu. Brooklyn Dodgers walikuwa wamemsajili na kumweka kwenye timu yao ndogo ya Montreal, na sheria ilisema mchezaji aliyelipwa zaidi ya kiasi hicho asipowekwa kwenye orodha kuu anaweza kuchukuliwa na mwingine. Dodgers walimpoteza kwa sababu ya safu moja kwenye jedwali. Clemente akamaliza maisha yake ya uwanjani na mapigo 3,000 kamili.

Mwaka 1964 kijana Rick Reichardt alilipwa zaidi ya dola 200,000 kwa kusaini tu. Matajiri wakashtuka. Mwaka uliofuata wakaanzisha drafti ya kwanza ya besiboli, na Rick Monday akawa wa kwanza kuchaguliwa. Tunaambiwa drafti ni ya kusaidia timu dhaifu, kwa sababu mpaka 2022 aliyeshika mkia ndiye aliyekuwa akichagua kwanza. Ni kweli. Lakini pia inamwacha kijana na mnunuzi mmoja tu, na bei inashuka.

Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis aliambiwa ameuzwa Philadelphia. Alikataa, akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972. Mwaka 1975 msuluhishi Peter Seitz aliwapa ushindi wachezaji wengine wawili, na minyororo ya 1879 ikaanza kukatika. Leo kwenye Out of the Park, karibu karne nzima ya mateso hayo ni kisanduku kimoja unachoweka au kuondoa tiki.

NDANI YA HIFADHIDATA

Kwa macho ya mwandishi wa programu, mchezaji ni mstari mmoja kwenye jedwali. Ana nambari ya kipekee, jina, tarehe ya kuzaliwa, na nambari ya timu. Drafti ni kupanga timu kwa ushindi, mdogo kwanza, halafu kubadilisha nambari ya timu kwenye mstari wa kijana aliyechaguliwa. Kanuni kuu ni kwamba nambari moja haiwezi kuwa kwenye timu mbili. Ikitokea hitilafu, kamishna wa ligi anaingia, anasahihisha, na mechi inaendelea.

Nje ya mchezo mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda yao na kupata nafasi ya kwenda Marekani kwenye fainali za Little League. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi zao za kuzaliwa hazikulingana. Timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa icheze nao, ilipanda ndege Januari 2012 ikawafuata Uganda! Mwaka huo huo watoto wa Lugazi walifika Marekani, timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali hizo. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza MLB, na mwaka 2022 Dodgers wakasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Hawa hawakupita kwenye drafti, maana hiyo ni ya wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wa Afrika anasajiliwa moja kwa moja, lakini tarehe yake ya kuzaliwa lazima ithibitishwe.

Watu wa huku kwetu hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka 1989 serikali iliwahoji Wakenya wa asili ya Kisomali mmoja mmoja, waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi. Baada ya kambi za Dadaab kufunguliwa mwaka 1991, familia za Wakenya zilizobanwa na ukame zilijiandikisha humo kupata chakula na shule. Watoto wao walipofika umri wa kitambulisho, alama za vidole zikaonyesha ni wakimbizi. Nambari moja, orodha mbili. Na hapakuwa na kamishna wa kubonyeza kitufe. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki wala husajili laini ya simu. Februari 2025, hapo Wajir mjini, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa upigaji msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani.

Kwa hiyo wenzangu mnaounda hifadhidata za watu, iwe ni za shule, hospitali au chama cha akiba, naomba jambo moja. Kabla ya kuandika sharti linalomkataa mtu, andikeni kwanza ukurasa ambapo aliyekataliwa atajieleza, na mtu mwenye jina atakayemjibu kwa tarehe inayojulikana. Heinsohn ameweka kamishna wa kusahihisha hitilafu hata kwa wachezaji ambao hawapo duniani.

Haya, nimemaliza. Makala ijayo nitaonyesha jinsi ya kuandika drafti ndogo kwa PHP, hatua kwa hatua.