Chialidingi: kutoka pembeni ya uwanja hadi kuitwa mchezo

Kila mpenzi wa mpira anawajua: wale wanaosimama mbele ya mashabiki, wakiongoza nyimbo na makofi ili timu isivunjike moyo. Huko Marekani, kazi hiyo ilizaa mchezo unaoitwa chialidingi.

Tarehe 2 Novemba 1898, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya umati wa Chuo Kikuu cha Minnesota na kuongoza kelele za kuitia timu yao nguvu. Wakati ule ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake wa chuo hicho waliingia miaka ya 1920. Mwaka wa 1948, Lawrence Herkimer alianzisha chama cha kuwafundisha vijana. Polepole kelele zikaongezewa sarakasi: kumrusha mwenzako juu, kusimama mabegani, kujipindua hewani. Mwishowe makundi hayo yakaanza kushindana yenyewe kwa yenyewe.

Je, huo ni mchezo kamili? Swali hilo lilifika mahakamani. Mwaka wa 2009, Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitaka kufuta timu ya voliboli ya wanawake na kuwahesabu wasichana wa chialidingi kama wanamichezo. Wachezaji wa voliboli na kocha wao wakashitaki. Julai 2010 jaji aliwapa haki. Hakusema wasichana wa chialidingi hawana uwezo. Alisema mashindano yao hayajapangwa vya kutosha, wala hayana kanuni moja kwa wote.

Kazi ya kutunga kanuni hizo ilikuwa imekwisha kuanza. Shirikisho la kimataifa la ICU liliundwa mwaka wa 2004, likikusanya vyama vya nchi nyingi. Jeff Webb, aliyeliongoza, ndiye pia aliyeanzisha kampuni kubwa ya biashara ya chialidingi, na wengi waliuliza kama kofia hizo mbili zinafaa kichwa kimoja. Hata hivyo, Desemba 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua ICU kwa muda, na Julai 2021, huko Tokyo, ikaitambua kabisa.

Kutambuliwa si kuingia katika Michezo ya Olimpiki. Mlango huo bado haujafunguliwa. Lakini historia hii inafundisha jambo: jasho la vijana peke yake halikutosha. Ilihitajika kanuni inayomlinda anayerushwa juu, na chama cha kujibu anapoanguka.